Kipima moshi cha leza kwa nyumba za Tabora: hodari kipupwe, huyumba masika

Kwa mtu wa Tabora mjini anayetaka kujua hewa ya nyumbani kwake ikoje, kipima cha leza chenye kihisi cha Plantower PMS5003 ni kifaa cha kununua, ila akinunue akijua msimu wa kukiamini na msimu wa kukitilia shaka. Faida yake kubwa hapa ni kwenye moshi: wa mkaa, wa kuni, wa majani ya miembe yanayochomwa uani, na wa miombo inayoungua kila kiangazi. Huo kinaukamata vizuri. Vumbi la barabarani kinalikosa kwa kiasi kikubwa, na ukungu wa masika kinauhesabu kana kwamba ni uchafu.

Tunazungumzia vipima vya mezani na vya ukutani vinavyotumia kihisi hicho, pamoja na wenzake wawili ambao mnunuzi wa mtandaoni atakutana nao, SDS011 ya Nova na SPS30 ya Sensirion. Jina lililochapishwa kwenye kasha la nje lisikupe taabu. Ubora unaamuliwa na kihisi kilichomo ndani, na muuzaji asiyejua ni kihisi gani hana cha kukueleza kuhusu kipima chake.

PMS5003 ni kijisanduku cha chuma cha milimita 50 kwa 38 kwa 21. Feni ndogo huvuta hewa ndani, hewa inapita mbele ya mwale wa leza, kila chembe hutawanya mwanga, na kipokea mwanga kinahesabu. Hakuna chochote kinachopimwa uzito humo. Uzito unakisiwa kutokana na mwanga uliotawanyika, na karibu makosa yote ya kifaa hiki yanaanzia kwenye makisio hayo. Mtengenezaji mwenyewe anaruhusu tofauti ya maikrogramu 10 juu au chini pale namba inapokuwa kati ya 0 na 100, na asilimia 10 kuanzia 100 hadi 500. Kwa hiyo 12 ya leo na 18 ya kesho zisikuondolee usingizi. Ikitoka 20 mchana ikafika 90 usiku, hapo kuna jambo.

Namba ya kuangalia ni PM2.5, chembe laini zinazofika ndani kabisa ya mapafu, kwa maikrogramu katika mita moja ya ujazo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake hadi 5 kwa wastani wa mwaka na 15 kwa wastani wa saa 24. Neno wastani lizingatiwe. Kipima kikionyesha 70 kwa dakika kumi jirani anapowasha jiko, hiyo haijawa siku mbaya. Kikikaa 40 tangu machweo hadi jua kuchomoza, siku imeharibika hata kama mchana ulikuwa safi: saa 12 za 40 na saa 12 za 8 zinakupa wastani wa 24.

Rangi za kwenye skrini usizitegemee. Vifaa vingi hufuata mizani ya China, ambayo daraja lake bora kabisa linafika hadi 35. Vingine hufuata mizani ya Marekani, ambayo hadi mwaka 2024 ilihesabu 12 kuwa bado ni nzuri, kisha ikashushwa hadi 9. Kipima kimoja kinaweza kuwaka kijani na kingine njano kwenye hewa ile ile. Soma namba.

Kipupwe, msimu wake

Tabora iko kwenye uwanda wa juu, takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, halafu mbingu hufunguka na kubaki wazi kwa miezi mingi. Uwazi huo ndio unaoleta shida ya hewa mwezi wa Juni na Julai. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto haraka, hewa iliyoigusa hupoa kuliko iliyo juu yake, na hewa baridi kwa kuwa ni nzito haipandi. Upepo wa kusini-mashariki unaovuma mchana hutulia jioni. Moshi wa majiko unabaki chini, kati ya nyumba, kama mvuke uliofunikwa sufuriani.

Kipima kinaonyesha jambo hili waziwazi. Namba huanza kupanda saa 1 jioni majiko yanapowashwa, hulegea usiku wa manane, hupanda tena kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi watu wanapochemsha chai na uji, kisha huporomoka kati ya saa 3 na saa 4, jua likishapasha ardhi na hewa ikaanza kupanda. Mtaa wenye nyumba zilizobanana na majiko mengi ya mkaa, kama sehemu za Ng'ambo au Isevya, hupanda mapema na kushuka kwa kuchelewa kuliko mtaa wenye viwanja vikubwa. Nyumba iliyo bondeni huchelewa zaidi, kwa sababu hewa baridi hutiririkia huko.

Hapa kihisi hiki hakina mpinzani kwa bei yake. Chembe za moshi ni ndogo, za ukubwa ambao leza inauona vizuri, na hewa ya kiangazi ni kavu, kwa hiyo maji hayachanganyi hesabu. Ukiweka vipima viwili vya aina hii kando kwa kando usiku mmoja wa Julai, mistari yao ipande na kushuka pamoja. Visipofanya hivyo, kimoja ni kibovu.

Ipo njia ya kutofautisha moshi wa mtaani na moshi wa mbali, na kwetu sisi hii peke yake inatosha kuhalalisha ununuzi. Angalia saa 8 mchana. Namba ikiwa juu asubuhi na chini mchana, chanzo ni majiko na takataka za jirani. Ikiwa mchana nayo inagoma kushuka siku mbili tatu mfululizo, na jua la jioni ni jekundu, moshi unatoka nje ya mji: mapori yanaungua. Hilo hutokea zaidi kati ya Julai na Septemba, miombo inapokauka na moto wa kuandaa mashamba, wa malisho na wa warina asali kukimbia ovyo. Kuhamisha jiko kutasaidia siku za aina ya kwanza. Siku za aina ya pili hakuna dirisha la kufungua, mwenye pumu apunguze kazi nzito za nje na awe na dawa yake karibu. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi. Inayozuia ni ya N95 au FFP2, iliyobana vizuri puani na kidevuni.

Agosti hadi Oktoba, vumbi

Joto linapopanda kuelekea Oktoba, hewa ya mchana hupanda juu sana na moshi hutawanyika, lakini ardhi imekauka kabisa. Kisulisuli kinazunguka viwanjani, lori likipita barabara isiyo na lami linaacha wingu linalokaa dakika nzima. Mtu anatazama kipima akitarajia namba kubwa, anakuta PM10, namba inayojumlisha na chembe nene, imesogea kidogo tu.

Usidhani vumbi halipo. Chembe nene za udongo ni chache kwa idadi ingawa ni nzito, na njia ya hewa ndani ya PMS5003 ina kona ambazo chembe hizo hazizipiti vizuri. Nyingi huangukia njiani. Namba ya PM10 unayoiona imekisiwa kutoka kwenye chembe ndogo. Kwenye moshi makisio hayo yanafaa, kwenye vumbi hayafai. Kwa hiyo shule iliyo kando ya barabara ya vumbi isitumie kifaa hiki kuthibitisha kwamba barabara haina madhara. Kipimo cha kweli cha vumbi nene kinahitaji kifaa cha kuchuja hewa na kupima uzito wa chujio, ambacho ni kazi ya maabara. SPS30 nayo hukisia PM10 yake, na mtengenezaji anaruhusu tofauti ya maikrogramu 25 hadi kufikia 100, kwa hiyo usiinunue kwa sababu hiyo.

Vumbi hilo hilo lisilohesabiwa ndilo linaloua kihisi. Hukwama kwenye mapanga ya feni likichanganyika na masizi ya moshi, likawa utando wa kahawia unaonata. Feni ikielemewa, hewa inayopita hupungua, na namba hushuka bila hewa kuwa safi.

Masika na namba za uongo

Mvua kubwa husafisha. Baada ya mvua nzuri ya alasiri PM2.5 inapaswa kushuka hadi tarakimu moja, na vumbi la barabara hutoweka. Shida huja usiku unaofuata. Unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 au 80, chembe za moshi hufyonza maji na kuvimba. Leza huona chembe kubwa na kuhesabu uchafu mwingi, wakati ongezeko lote ni maji. Ukungu wa alfajiri ya Februari unaweza kupandisha namba mtaani hata pale ambapo hakuna jiko lililowashwa.

Ili kujisahihisha unahitaji kihisi cha unyevu ndani ya kasha lile lile, karibu na PMS5003, kwa sababu umeme wa kifaa hupasha kasha na hewa ya ndani huwa kavu kidogo kuliko ya nje. Watafiti wa Shirika la Mazingira la Marekani mwaka 2021 walitoa kanuni ya vipima vya PurpleAir, ambavyo hutumia kihisi hiki: zidisha namba ya kifaa kwa 0.524, toa unyevu uliozidishwa kwa 0.0862, kisha ongeza 5.75. Mfano: kifaa kinasema 50. Kwa unyevu wa asilimia 40 jibu ni 28.5, kwa unyevu wa asilimia 90 ni 24.2. Namba ya kutumia ni ile inayoitwa CF=1 kwenye taarifa za kihisi. Nyingine, iliyopewa jina la angahewa, ni tofauti pale moshi unapozidi, na ukiichanganya kwenye kanuni hii utapata jibu la chini mno.

Kanuni hiyo ilipangwa kwa kulinganisha na vituo vya Marekani, haikulinganishwa na moshi wa mkaa wa Tabora. Itumie kupata picha, usiitumie kumshtaki jirani. Na ukungu ukiwa mzito hata kanuni hukata tamaa. Siku hiyo acha namba za alfajiri, chukua za kuanzia saa 4.

Tahadhari moja kwa walio karibu na mabani, majengo ya kukaushia tumbaku. Kati ya Januari na Aprili, tumbaku ya mvuke inakaushwa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, mzigo mmoja ukikaa bani kwa takribani siku 5 hadi 7 na kuni zikiwaka mchana na usiku. Huo ni moshi halisi katika hewa yenye unyevu mwingi. Namba inaongezwa na maji, lakini msingi wake ni kuni. Usiufute wote kwa kusema ni ukungu. Linganisha namba ya saa 8 mchana, unyevu unapokuwa chini, uone kilichobaki.

Kukifunga

Kasha zuri na la bei nafuu ni elbo mbili za PVC za inchi 3 zilizounganishwa, midomo yote ikitazama chini. Mvua haiingii, hewa inapita. Kihisi kikae ndani kwa namna ambayo tundu la kuvuta na tundu la kutoa havivutani hewa ile ile. Maelekezo ya mtengenezaji yanataka nafasi ya angalau sentimita 2 bila kizuizi mbele ya tundu la kuvuta, na kifaa kiwe juu ya ardhi kwa zaidi ya sentimita 20. Kwa uani weka mita 2 hadi 3 juu, upande wenye kivuli, mbali na mdomo wa jiko, jenereta na ukingo wa bati unapodondokea maji. Midomo ya elbo izibwe kwa kipande cha chandarua, maana nyigu wa udongo hupenda matundu ya namna hiyo na buibui hufuata joto la kifaa.

Umeme uwe volti 4.5 hadi 5.5. Chaja hafifu ya simu na waya mrefu mwembamba hushusha volti, feni inazunguka polepole, na namba hupotoka bila onyo lolote. Kwa saa za umeme kukatika, pawabenki ya miliampea-saa 10,000 huendesha kihisi na bodi yake ndogo ya intaneti kwa takribani saa 30. Chagua inayoweza kuchajiwa huku inatoa umeme, na ambayo haijizimi kwa kuona matumizi madogo, nyingi hujizima.

Hakuna haja ya kupima kila sekunde. Kiwashe dakika moja katika kila tano: sekunde 30 za kwanza feni inatulia, zitupe, chukua wastani wa 30 zinazobaki. Hili lina uzito zaidi kwa SDS011, ambayo leza yake imetajwa kudumu saa 8,000. Ikiwaka mfululizo hiyo ni siku 333. Kwa dakika moja kati ya tano, ni zaidi ya miaka minne. Hata hivyo SDS011 imeandikiwa kufanya kazi kwenye unyevu usiozidi asilimia 70, na usiku wa masika hapa unapita hapo mara nyingi, kwa hiyo kwa Tabora tunaiweka nyuma ya PMS5003.

Kusafisha, na dalili za ubovu

Zima umeme kwanza. Tumia pampu ya mkono ya mafundi simu na brashi laini kwenye tundu la kuvuta. Upepo wa kompresa wa mafundi tairi usiukaribie: huzungusha feni kupita kiasi na kusukuma masizi yakae juu ya lenzi. Kiangazi fanya hivi kila mwezi, masika inatosha mara moja katika miezi mitatu.

Ubovu una sura mbili. Namba ikikaa 15 au 20 hata baada ya mvua kubwa ya alasiri, hakuna jiko karibu, lenzi imechafuka. Ikikaa 0 huku udi unafuka hatua moja mbele yake, feni imekwama au tundu limezibwa. Jaribio la udi lifanywe pia dukani kabla ya kulipa. Namba ianze kupanda ndani ya sekunde chache, na moshi ukiondolewa irudi chini ndani ya dakika chache. Kisha muombe muuzaji akuchemshie maji birika moja, mvuke ukae umbali wa mita moja. Namba itapanda. Si kosa la kifaa hicho peke yake, vyote vya aina hii hufanya hivyo, na ni vizuri ukione kwa macho yako kabla masika hayajaja.

SPS30 ina nafuu hapa: hujisafisha yenyewe kila baada ya saa 168 kwa kuzungusha feni kwa kasi ya juu sekunde 10, na imepangwa kudumu zaidi ya miaka kumi ikiwaka muda wote. Kwa zahanati au shule inayotaka kufunga mara moja na kusahau ngazi, tungechagua hiyo ingawa ni ghali zaidi.

Nyongeza zinazouzwa pamoja

Vipima vingi hubeba pia namba ya kaboni dioksidi. Kama ni ya mwanga wa infraredi, ni ya kweli, ila kwa mwinuko wa Tabora husoma chini kwa takribani asilimia 13 mpaka umeingiza mwinuko au kanieneo kwenye mipangilio. Namba ya chembe haihitaji marekebisho hayo. Kama kaboni dioksidi inakisiwa kutoka kwenye kihisi cha harufu, au kuna namba ya fomaldehaidi kwenye kifaa cha bei ya chini, zichukulie kama mapambo.

La hatari ni lingine. Kipima hiki hakioni kaboni monoksidi hata kidogo. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi mwingi, PM2.5 itashuka, skrini itakuwa kijani, na chumba kilichofungwa usiku wa baridi wa Julai kitakuwa kinajaa gesi inayoua watu wakiwa usingizini. Anayeingiza jiko la mkaa ndani kwa sababu namba ni nzuri amekielewa kifaa kinyume. Kengele ya kaboni monoksidi ni kifaa tofauti, kinunuliwe tofauti, na jiko likae nje hata ukiwa na vyote viwili.

Kwa moshi wa kipupwe tunakipa 8 kati ya 10. Kwa masika 5, au 6 ukiongeza kihisi cha unyevu. Kwa vumbi 3. Mtu wa Kigoma mjini, kando ya ziwa, ambako mwinuko ni mdogo na upepo wa ziwani huchanganya hewa mchana, mistari yake itakuwa tofauti na hii. Wa Kasulu, juu milimani, asubuhi zake za kiangazi zitafanana zaidi na za Tabora. Anayenunua sasa akifunge kabla ya Mei, apate wiki chache za hewa iliyooshwa na mvua kuwa msingi wa kulinganishia kabla majani hayajaanza kuchomwa.